Taya la Mbasa Dume

Siku tuliyomzika Baba, kina mama wa jumuiya walipika mbasa. Sufuria tatu kubwa, mchuzi wa nyanya na vitunguu, na harufu yake ilitufuata mpaka kaburini. Nilisikiliza mahubiri yote mate yakinijaa mdomoni, aibu tupu kwa mtoto wa kwanza wa marehemu. Katekista alisema marehemu alikuwa mtu wa maneno machache. Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikatikisa, maana katekista hakuongeza chumvi hata kidogo.

Tulipokaa kula, wifi yangu akaniwekea kichwa, akidhani ananipa heshima. Kilikuwa kichwa cha dume. Ncha ya taya la chini ilikuwa imepinda kwenda juu kama ndoano, na ngozi ya shavuni ilikuwa na vipele vigumu ambavyo hata moto haukuvilainisha. Kidole changu cha shahada kilienda pale chenyewe, kikapapasa, na moyo ukanipasuka upya kwa jambo ambalo halikuhusu mazishi. Nikaisukuma sahani. Wakasema, masikini, uchungu wa kufiwa huo. Niliwaacha waseme.

Wewe uliyekulia mbali na Ziwa Nyasa huenda humjui mbasa. Ni samaki mrefu, mweupe wa kung'aa, mwenye nyama ambayo wageni wakiionja huacha kuuliza magege, yaani perege, yako wapi. Mwaka mzima anaishi ziwani. Mvua zikikolea, maji ya Mto Ruhuhu yakiwa mekundu na baridi, huingia mtoni na kupanda mpaka kwenye changarawe, na huko ndiko anakotaga. Jike hupanda kama alivyo, ila tumbo limejaa mayai. Dume ndiye anayebadilika. Kichwa kinakuwa kigumu, kinaota vipele kama mchanga uliogandia, na ncha ya taya inanyanyuka mpaka mdomo haufungi sawasawa. Ukimwona wakati huo utadhani amekasirika tangu azaliwe.

Kwa muda mrefu mimi niliamini kwamba ile ndoano ni ya kulalia. Nilijiambia kwamba mto una kasi, samaki anachoka, usiku ukifika dume analishika jiwe kwa taya lake na kusinzia, na jike analala nyuma yake asichukuliwe na maji. Niliyaona mambo haya wazi kabisa kichwani. Nilipomweleza Baba, alicheka mpaka akaliweka kafi chini.

"Oliva, mwanangu, ile ni ya kupigania wake," akasema. "Madume yanagombana kule juu kama walevi. Msimu ukiisha, vipele vinapukutika, ugomvi unaisha, kila mtu anarudi ziwani kwake."

"Na hawalali?"

"Nani alale wakati wa vita?"

Mama, aliyekuwa akianika usipa, dagaa wetu wa ziwani, akasema, "Muulize baba yako kama alilala mwaka alionioa mimi." Tukacheka wote watatu. Nyumba yetu ilikuwa ya kucheka, nalisema hili mapema msije mkadhani nililelewa na jitu katili.

Kijijini kwetu taya lile lilikuwa na kazi yake. Mtu wa kwanza kupata dume mwenye ndoano pale mdomoni mwa mto hakumuuza wala hakumla mzima. Alikata taya, akalitoboa, akalitundika kwenye mti uliochimbiwa njiani, pale njia inapoachana kwenda mtoni. Toka saa hiyo mto ulikuwa umefungwa. Hakuna wavu, hakuna mtego wa mgono, hakuna mkuki. Anayetaka samaki aende ziwani. Mto ulifunguliwa madume yalipoanza kushuka na mashavu laini. Hapakuwa na karatasi wala askari. Taya lilining'inia pale, nzi wakilizunguka, na wanaume wazima wenye njaa walipita pembeni na nyavu zao mabegani.

Akishukiwa mtu kwamba amevua mtoni, samaki wake waliguswa. Aliyegusa alikuwa mtoto ambaye bado hajabalehe, wa nyumba nyingine, kwa sababu mtoto hana mtumbwi na hawezi kumwonea mtu gere kwa wavu wake. Mtoto alifumba macho, akaingiza mkono tengani, akapapasa mataya. Samaki wa kina kirefu ana taya laini. Aliyekwisha kukaa kwenye changarawe ana ndoano kamili na vipele vinavyokwaruza, na chini ya tumbo mapezi yamelika kwa mawe. Kisha mtoto aliulizwa swali moja tu: ziwani au mtoni? Alijibu neno moja, akakaa chini. Hakuruhusiwa kuongeza la pili, maana, walisema, mtoto akianza kueleza ataeleza aliyoyasikia nyumbani.

Msimu ninaousimulia, mgusaji mmojawapo nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la nne. Baba ndiye aliyenifundisha. Aliniletea vichwa nyumbani, akanifunga macho kwa kanga ya Mama, akakishika kidole changu na kukipitisha polepole. "Usiwe na haraka. Anzia hapa, nenda mpaka kwenye ncha. Umesikia? Huyo bado wa ziwani. Huyu sasa." Nikikosea alinipiga kidogo kisogoni, nikipatia alinipa jicho la samaki nile. Nilipatia mara nyingi sana. Alijisifu kwa watu kwamba binti yake ana kidole sahihi kuliko mizani ya chama cha ushirika.

Mizani ya chama, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kushika kutu. Ile ndiyo miaka ambayo duka la ushirika lilifungwa milango, na kwenye vibanda vya watu binafsi zikatokea sabuni zenye harufu ya waridi, kanda za redio, viatu vya mitumba na nyavu za nailoni ambazo hazionekani ndani ya maji. Kule juu Mbinga wanunuzi wa kahawa walikuwa wakigombea magunia barabarani. Huku chini neno lililokuwa midomoni mwa watu ni ruksa. Mtu akivaa suruali ya ajabu, ruksa. Akifungua kilabu mbele ya kanisa, ruksa. Sisi watoto tulilipenda neno lile, tukamegeana nalo mihogo ya kuiba.

Ndipo akaanza kuja bwana mmoja mwenye gari dogo la mizigo na masanduku ya barafu. Hakutaka usipa wala magege. Alitaka mbasa wakubwa, na zaidi ya yote alitaka majike yenye mayai, tena wakati uleule ambao mto umefungwa. Alikaa kwenye kigoda chetu, akanywa togwa yetu, akamwambia Baba, "Mzee, siku hizi hakuna cha kufungwa. Serikali yenyewe imefungua." Baba akamaliza togwa yake, akainuka. Alimsindikiza mpaka kwenye gari na walisimama huko muda mrefu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Baba Sabina. Sabina, bintiye, alikuwa rafiki yangu, yule rafiki ambaye mnabadilishana magauni mpaka mama zenu hawakumbuki lipi la nani. Baba zetu waliegesha mitumbwi pamoja, waliazimana kafi, na mmoja akirudi mikono mitupu mwenzake alimhamishia samaki wawili watatu tengani kimyakimya, bila kumtia aibu mbele ya watu. Nimeliona jambo hilo tangu nilipoanza kutembea. Baba Sabina alikuwa mwembamba, msemaji, mwenye kuapa kwa majina ya watakatifu hata akijikwaa.

Wiki mbili baada ya taya kutundikwa, Baba Sabina alikwenda kukata fito upande wa juu wa mto, akarudi na kipande cha uzi wa nailoni na ngumi iliyojaa magamba. Alisimama mbele ya uwanja wetu akitweta. "Kuna mtu anavua kwenye changarawe!" akamwambia Baba. "Haki ya Mtakatifu Yosefu, nitalala kulekule mtoni mpaka nimwone kwa macho yangu." Baba alikuwa akishona wavu. Akauliza tu, "Umemwambia Mwenyekiti?" Baba Sabina akasema ndiko anakokwenda. Jioni ile mbiu ikapita kwamba kesho asubuhi matenga yote yataguswa ufukweni, kila nyumba, bila kubagua. Nilikata kucha zangu kwa wembe wa Mama ili kidole kisikie vizuri.

Asubuhi nilitangulia ufukweni na Baba. Mitumbwi ilikuwa imesharudi. Baba Sabina alikuwa amefika, amechoka, tenga lake lina samaki wanne wa kuhurumia. Baba akamwambia, "Nenda kanywe uji kwanza, watu bado hawajakusanyika. Nitakuangalizia." Baba Sabina akashukuru, akaondoka akipiga miayo. Alipopotea nyuma ya nyumba, Baba alifunua gunia bichi kwenye mtumbwi wetu, akatoa mbasa watatu wakubwa, akawaweka kwenye tenga la mwenzake, chini kabisa, akawafunika kwa wale wanne.

Alipoinua macho akaniona ninamtazama. Nikamtabasamia. Niliona fahari kuwa mtoto wake, niliona fahari mpaka shingo ikaniwasha. Nilijiambia, tazama Baba, hata leo siku ya watu wote kushukiana, yeye anamfikiria jirani mwenye tenga tupu. Baba naye akatabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo. Tabasamu lile nimekaa nalo mpaka leo na sijajua nilitupe wapi.

Watu wakajaa. Mwenyekiti wa kijiji akasimama na fimbo yake, mtu mzito, mwenye sauti ya upole. Tenga la Baba halikuwa langu kugusa, liliguswa na mtoto mdogo wa Mwenyekiti, akasema ziwani. Mimi nikapewa safu ya kushoto. Tenga la kwanza, ziwani. La pili, ziwani. La tatu lilikuwa la Baba Sabina. Aliniinamia akanong'ona kwa utani, "Usinitekenyee samaki wangu, mwali." Nikafumba macho.

Wale wanne wa juu walikuwa laini. Mkono ukaendelea chini. Kidole kikakutana na shavu, nikaanza pale Baba alipozoea kuniambia nianze, nikaenda mpaka kwenye ncha. Ndoano. Kamili, ngumu, na vipele vikanikwaruza. Nikagusa wa pili, vilevile. Nikagusa tumbo la wa tatu, mapezi yamelika. Nilifumbua macho nikamtafuta Baba. Sikuwa na hofu bado. Nilijua atasema, hao ni wangu, mimi ndiye niliyempa, na kisha ataeleza alikowapata, maana watu wazima daima wana maelezo.

"Ziwani au mtoni?" akauliza Mwenyekiti.

Baba alikuwa akilitazama ziwa.

"Ziwani au mtoni, mwanangu?"

"Mtoni," nikasema.

Kelele zilizozuka sijawahi kuzisikia tena. Wakammwagia Baba Sabina samaki wake mchangani, na kila mtu akaona wale watatu. Baba Sabina alipiga magoti, akawashika mmoja mmoja, akawageuza. "Hawa siwajui," akasema. "Mama Maria, hawa siwajui." Akamgeukia Baba. "Baba Oliva, wewe ulibaki hapa. Umemwona nani kwenye tenga langu? Sema, ndugu yangu."

Baba alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga, akainamisha kichwa. Nilikuwa nimekaa chini kama desturi inavyotaka, nimeuma midomo yangu, nikimsubiri. Namshukuru Mungu kwa mambo mengi, lakini kwa urefu wa kungoja kule sijamshukuru. Mwenyekiti akamwonea Baba huruma. "Mwacheni huyu," akasema. "Ni rafiki yake. Mnataka amseme rafiki yake mbele ya watu?" Wanawake wakasikitika, wakasema kweli, mtu mwenye utu. Ukimya wa Baba ukamhukumu Baba Sabina kuliko neno langu.

Adhabu ilijulikana. Nyavu zake zote zililetwa na kukatwa vipandevipande palepale, na hata ile mpya aliyokuwa hajailowesha. Mtumbwi wake ukavutwa juu kwenye majani, asiushushe majini mpaka mvua za mwaka unaofuata. Waliokata walikuwa jamaa zake. Mama Sabina alikuja akikimbia, mtoto mgongoni, akaikuta kazi imekwisha, akaanza kuviokota vile vipande kama vile vinaweza kuunganika.

Nyumbani Mama alipakua ugali wa muhogo. Sikula. Nikasema, "Baba, wale samaki uliwaweka wewe." Mama akaendelea kupakua. Hakushtuka, hakuuliza samaki gani, na hapo nikajua kwamba nyumba ile nzima ilijua ila mimi. Baba hakukasirika. Laiti angenipiga.

"Oliva," akasema, "nimewahi kukufundisha uongo?"

"Hapana."

"Leo umesema uongo?"

"Hapana, Baba."

"Haya, kula."

Nikala. Ndiyo, nilikula, nilikuwa na njaa na nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeyaweka maisha yangu yote katika kidole kile kwa sababu yeye alikipenda, naye alikuwa ameninoa kama unavyonoa kisu, kwa subira, kwa mzaha, kwa jicho la samaki kila nikipatia. Labda alipoanza kunifundisha hakuwa na nia hiyo. Napenda kuamini hivyo. Lakini asubuhi ile aliniona nikitabasamu, akajua nimeelewa nini, na akaniacha niende nikamkate mtu.

Juma lililofuata Baba Sabina akaamua kupandisha familia milimani, Matiri, kwa shemeji yake, wakafanye vibarua vya kahawa. Hakuna aliyewafukuza. Ila ukienda kisimani watu wananyamaza, ukikaa kanisani benchi linabaki na nafasi, na mvuvi asiye na wavu anafanya nini ufukweni? Lori lililoleta bidhaa lilikuwa linarudi juu, dereva akakubali kuwachukua.

Niliamka nimekata shauri. Nilijiambia nitamwambia Mama Sabina kila kitu, mbele ya watu, halafu yatakayonipata yanipate. Niliyarudia maneno njia nzima, ambayo haikuwa njia, ni hatua ishirini. Nilipofika uwanjani nikamkuta Baba. Alikuwa amekuja kuwasaidia kubeba. Alikuwa na godoro lao kichwani, jasho linamtoka, na Baba Sabina anamwambia, "Ahsante, ndugu yangu, wewe peke yako ndiye hukunitupa."

"Shikamoo, Mama," nikamwambia Mama Sabina.

"Marahaba," akajibu, bila kunitazama, akaendelea kufunga sufuria kwenye kanga.

Maneno yangu yote yalikuwepo, kooni, yamepangana. Nikamtazama Baba chini ya lile godoro. Hakunikonyeza, hakunitisha. Alisimama tu akisubiri kuona nitafanya nini, kama mtu mwingine yeyote aliyekuwa pale.

Sabina akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni langu la maua, mama zetu walikuwa wamesahau kulirudisha. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu sana, macho yamevimba.

"Nikuulize kitu kimoja," akasema. "Uligusa vizuri? Usinidanganye."

"Niligusa vizuri."

"Walikuwa wa mtoni kweli?"

"Kweli," nikasema.

Akaniangalia, akaniamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini, sikuwahi kumdanganya hata mara moja. Akageuka akamtazama baba yake, aliyekuwa akipandisha kafi zake kwenye lori, sijui za nini huko milimani, akasema taratibu, "Kumbe Baba ametudanganya."

Baba Sabina akamnyooshea mikono ampandishe. Sabina akaipita, akashika ubao mwenyewe, akapanda, akaenda kukaa upande wa pili, mbali naye.